Ukienda Harar, lala ndani ya ukuta

Mwezi uliopita alinipigia simu mkulima mmoja wa kahawa wa Moshi Vijijini ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi kutokana na safu hii. Yeye na wenzake wawili wa kikundi chao wameamua kwenda Ethiopia kwa fedha zao wenyewe, bila mfadhili, ili waone jinsi kahawa ya Harar inavyoanikwa na kuuzwa. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, gesti ya bei ya chini kabisa pale Harar ni ipi?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, tena nililipata kwa gharama, lakini nilijua kwamba nikimpa jina la gesti rahisi kuliko zote atarudi nyumbani mikono mitupu kama nilivyorudi mimi mara ya kwanza. Kwa kuwa wako wasomaji wengine, wakulima na wafanyabiashara wadogo, ambao siku hizi wanapanga safari za aina hii, nimeona ni vema nilijibu swali hilo hapa.

Kwa wasioufahamu, Harar ni mji wa kale ulioko mashariki mwa Ethiopia, kiasi cha kilomita 525 kutoka Addis Ababa, kwenye milima yenye mwinuko wa karibu mita 1,885 kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya zamani ya mji huo inaitwa Jugol, nayo imezungushiwa ukuta wa mawe wa karibu kilomita tatu na nusu. Ukuta huo unahusishwa hasa na Emir Nur ibn Mujahid, aliyetawala katikati ya karne ya 16. Ndani yake kuna misikiti 82, masoko, vichochoro visivyo na idadi na maelfu ya watu wanaoishi humo hadi leo, vyote katika eneo la hekta 48. Yapo mashamba ya mkonge kule Tanga ambayo kipande kimoja tu kinaumeza mji huo mzima! Mwaka 2006 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa karne nyingi Harar ulikuwa mji wa wafanyabiashara. Kahawa, ngozi na pembe za ndovu zilipita hapo kutoka nyanda za juu kwenda bandari za Zeila na Berbera, na maemir wake walitengeneza sarafu yao wenyewe. Mfaransa Arthur Rimbaud, aliyekuwa ameachana na ushairi akiwa bado kijana, alifika mwaka 1880 kama mtumishi wa kampuni iliyonunua kahawa na ngozi. Mwaka 1887 Menelik aliuteka mji. Halafu ikaja reli kutoka Djibouti. Wajenzi wake hawakuweza kuipandisha kwenye milima ile, hivyo mwaka 1902 ikafika bondeni, mahali ambapo mji mpya wa Dire Dawa ulizaliwa, na biashara kubwa ikateremka huko. Harar ukabaki juu na ukuta wake, kahawa yake na masoko yake ya asubuhi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu.

Safari ya kwanza niliangalia bei ya kitanda peke yake. Nje ya ukuta, upande wa mji mpya, kuna hoteli na nyumba za wageni nyingi za kawaida, zile za chumba, kitanda, televisheni na bafu ambalo maji yake yanategemea bahati. Nilichukua moja iliyokuwa karibu nusu ya bei ya vyumba vya ndani ya ukuta, nikajiona mjanja. Usiku wa kwanza sikulala kwa muziki wa baa ya chini. Asubuhi nikapanda bajaji kwenda langoni (ndiyo, ni bajaji zile zile tunazozijua, na wao wanaziita bajaji), mchana nikapanda nyingine kurudi kupumzika, jioni nikaenda tena. Kwa kuwa sikumjua mtu, nikamlipa kijana wa kunitembeza. Nilitaka kuona nyumba ya kienyeji ndani, nikalipa kiingilio. Chakula nilikula hotelini kwa bei ya hotelini.

Siku ya tatu niliandika hesabu nyuma ya risiti. Kile nilichookoa kwenye kitanda kilikuwa kimekwisha kwenye bajaji na kwa yule kijana, na ziada juu yake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba soko la asubuhi, ambalo ndilo nililolifuata, nilikuwa nalikuta limeshachanganya kila siku, kahawa nzuri imeshauzwa. Na katika siku hizo tatu sikuzungumza na mwenyeji wa Harar hata mmoja isipokuwa dereva wa bajaji, ambaye naye nilikuja kugundua kwamba anatokea Dire Dawa.

Safari ya pili nililala ndani.

Nyumba ya Kiharari inaitwa gegar. Ukiwa kichochoroni huoni kitu ila ukuta mrefu na mlango wa mbao. Ukiingia unakuta ua, halafu chumba kikubwa cha mapokezi ambacho hakina kiti hata kimoja. Badala yake kuna majukwaa matano ya kukalia, yenye vimo tofauti, yametandikwa mazulia na mito, na kila jukwaa lina watu wake: mkubwa wa nyumba ana pake, wageni wana pao, vijana wana pao. Sakafu na majukwaa hupakwa rangi nyekundu, na wenyeji husema ni kumbukumbu ya damu iliyomwagika katika vita ya Chelenqo mwaka ule wa 1887. Kuta zimejaa mabakuli, sahani na vikapu vya rangi vilivyosukwa na wanawake wa nyumba. Vikapu hivyo si pambo tu. Ni kazi ya miaka, tena huuzika vizuri; mama zetu wanaosuka ukili na milulu wangevitazama kwa jicho la kibiashara.

Familia kadhaa za ndani ya ukuta hukodisha vyumba vichache vya nyumba zao kwa wageni, na mara nyingi anayeendesha shughuli hiyo ni mama wa nyumba. Nyumba niliyolala mimi ilikuwa na vyumba vinne tu vya wageni. Alfajiri nilisikia adhana kutoka pande zote kwa pamoja, na saa kumi na mbili na nusu nilikuwa sokoni kwa miguu, kabla hata ya kunawa uso sawasawa. Nilirudi saa mbili kwa kifungua kinywa, ambacho kilikuwa ndani ya bei, nikamkuta mama mwenye nyumba akikaanga kahawa. Nilipomwambia kwamba kwetu punje hizo tunaziita buni, alicheka sana, maana kwao kahawa ni "buna". Akanipa pia kuti, kinywaji cha majani ya mbuni yaliyokaushwa na kuchemshwa. Sisi majani hayo tunayaacha yaoze shambani.

Jioni yake alikuja shemeji yake, mtu wa makamo anayenunua kahawa kutoka kwa wakulima wa Kioromo wa vijiji vya karibu. Sikumtafuta, wala sikumlipa. Alikuja kunywa kahawa kwa shemeji yake kama anavyokuja siku nyingine, akakuta mgeni. Alimwaga makonzi mawili ya kahawa mkekani, moja la punje ndefu na jingine la punje fupi, akanieleza kwa nini wanunuzi wa nje huzitenganisha. Akaniambia kwamba kahawa yao haimenywi wala kuoshwa kama ile ya Kilimanjaro. Huanikwa juani na ganda lake zima, kama wanavyofanya ndugu zetu wa Kagera na kahawa ya maganda. Tofauti ni kwamba wao ladha hiyo ya tunda wameifanya kuwa jina lao sokoni, na mnunuzi akisema "Harar" anajua anatafuta nini. Lakini alinionya pia: mkulima akichuma mbichi na mbivu pamoja, au akianika juu ya udongo mtupu, jina hilo halimsaidii. Niliandika kurasa sita za daftari usiku ule. Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyonipa kurasa sita.

Ndiyo maana nasema, kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, bei ya chumba cha Harar ipigiwe hesabu pamoja na kile kinachokuja na chumba. Kama unakwenda kulala tu, lala nje ya ukuta, ni rahisi zaidi. Kama unakwenda kujifunza biashara, ule mlango wa mbao ndani ya Jugol ndio dirisha la tiketi.

Nisije nikaonekana nimetumwa na wenye nyumba hizo, niseme na ubaya wake. Vyumba ni vichache, na ukifika bila kuagiza unaweza kukuta vimejaa. Nyingi hazina kibao mlangoni, kwa hiyo piga simu ukiwa Dire Dawa ili mtoto wa nyumba aje akupokee langoni. Usianze kuzunguka na begi usiku katika vichochoro vile. Choo na bafu mara nyingi ni vya pamoja, uani. Ngazi ni nyembamba. Viatu huvuliwa mlangoni. Pombe haiingii. Ni nyumba ya Waislamu wenye familia, na anayekwenda na mwenzake ambaye si mkewe aulize mapema kama atapokelewa, badala ya kuaibishana ukumbini.

Halafu kuna suala la maji, na hapa naomba mkulima anisikilize kwa makini, maana lina somo kubwa kuliko la kuoga.

Kilomita kadhaa kutoka Harar, kando ya barabara ya kwenda Dire Dawa, kulikuwa na Ziwa Haramaya. Harar ulipata maji yake huko. Wakulima waliolizunguka walipata mapato mazuri kwa mboga na mirungi, wakanunua pampu, na kila mwaka pampu ziliongezeka. Vilima vya jirani vilikuwa vimekatwa miti, udongo ukateremka na kulijaza ziwa tope. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ziwa lilikuwa limekauka, ng'ombe wakilisha mahali palipokuwa na mitumbwi. Harar ukateseka kwa miaka kwa kukosa maji, hadi yakaletwa kwa bomba kutoka visima vya upande wa Dire Dawa, kule chini, kwa kusukumwa mlimani. Miaka ya karibuni maji yameanza kurudi ziwani kwa sehemu. Hata hivyo, mji bado unaishi kwa mapipa na ndoo, na mgeni anayeuliza "kuna maji ya moto?" anatakiwa aanze kwa kuuliza "kuna maji?" Kwenye mji huo mdogo wa Haramaya kipo pia chuo kikuu kilichoanza kama chuo cha kilimo katika miaka ya 1950. Kikundi kikiandika barua mapema kuomba kutembelea mashamba ya utafiti, siku hiyo haitapotea.

Kwenye barabara hiyo hiyo utapita Awaday, soko kubwa la mirungi la sehemu zile. Magari hupakia hapo mzigo wa kwenda Dire Dawa, Djibouti na Somalia kwa kasi ya ajabu, kwa sababu jani likinyauka halina bei. Simama ulitazame, angalau kwa nusu saa. Utaelewa kwa nini wakulima wengi wa milima ya Harar wameng'oa mibuni na kupanda mirungi: mirungi huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hulipwa taslimu siku hiyo hiyo, na haingoji bei ya soko la dunia. Mkulima wa Meru aliyesoma mpaka hapa anatikisa kichwa kukubali. Lakini Mtanzania akumbuke kwamba kwetu mirungi ni haramu kisheria. Ukipewa tawi ugenini shukuru, liache huko huko. Kurudi nalo kwenye begi kupitia uwanja wa ndege ni kutafuta kesi ambayo kikundi hakikuipangia bajeti.

Mirungi hiyo inakupangia hata ratiba. Baada ya chakula cha mchana watu wengi hukaa kutafuna, na mji hupoa. Shughuli za kununua, kuuliza na kutembelea zifanye asubuhi, kisha upumzike. Hapo ndipo chumba kilicho mita mia tatu kutoka sokoni kinapolipa tena. Ukipata nafasi pita Makina Girgir, uchochoro wa mafundi cherehani, ambao jina lake limetokana na mlio wa vyerehani hivyo. Mnunua kitambaa anashonewa hapo hapo, mlangoni. Wachuuzi wetu wa vitenge wangeweza kuiga hilo kesho.

Kuhusu fisi, ambao watalii wote huwazungumzia: ni kweli, usiku hulishwa nyama nje ya ukuta na mgeni hulipa kutazama, na ukuta una matundu ambayo fisi hupitia usiku kuingia kusafisha mabaki. Mimi nililipa mara moja. Anayefuga mbuzi Dodoma au Singida anaweza kuokoa fedha hiyo.

Sasa tuingie kwenye fedha. Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliacha thamani ya birr iamuliwe na soko. Kabla ya siku hiyo dola moja ilikuwa karibu birr 57 benki. Baada ya wiki chache ilipita 100. Kwa hiyo bei yoyote ya birr utakayoikuta kwenye kitabu cha zamani cha wasafiri haikusaidii kitu, na hata bei niliyolipa mimi haina maana tena. Ushauri wangu ni kupanga kwa dola: tenga kama dola 25 kwa chumba kwa usiku, kisha piga simu upate bei halisi. Uliza mambo matatu kwa uwazi: bei ni ya chumba au ya mtu, kifungua kinywa kimo au hakimo, na je, kuna bei ya mgeni tofauti na ya mwenyeji? Maana baadhi ya hoteli Ethiopia zina bei mbili, na ni afadhali uijue yako kabla hujafungua begi. Chumba cha vitanda vitatu kwa watu watatu wa kikundi kimoja ndicho kinachoshusha gharama kuliko kitu kingine chochote.

Beba dola taslimu zilizo safi, ubadilishe benki au kwenye maduka yenye leseni, ambayo serikali yao imeanza kuyaruhusu tangu mwaka huo wa 2024. Achana na kijana anayekunong'oneza stendi. Kadi za benki zitegemee kidogo tu. M-Pesa imeanza Ethiopia tangu Agosti 2023, lakini usidhani laini yako ya nyumbani itakulipia chumba. Nyumba zile zinataka birr mkononi.

Usafiri nitaupitia haraka. Kutoka Addis Ababa njia nyepesi ni ndege hadi Dire Dawa, safari isiyofika saa moja, kisha basi dogo la karibu kilomita 55 kupanda hadi Harar. Shirika la ndege la Ethiopia limekuwa likiwatoza nauli nafuu za ndani watu walioingia nchini kwa ndege zake, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Basi la barabarani kutoka Addis ni rahisi zaidi ila linachukua siku nzima, na linapita mkoa wa Oromia, ambao sehemu zake katika miaka ya karibuni zimekuwa na mapigano na matukio ya wasafiri kutekwa. Ulizia hali ya barabara wiki ile ile ya safari, na mwenye nyumba wako wa Harar ndiye wa kumwuliza. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018 nayo inafika Dire Dawa, ingawa stesheni zake ziko nje ya miji na nauli ya kufika stesheni lazima uihesabu. Ukilala Dire Dawa, chukua tahadhari ya malaria, kule chini kuna joto na mbu. Cheti cha homa ya manjano usikisahau. Mkenya haitaji visa. Mtanzania aulizie utaratibu wake mapema.

Jambo moja litakufurahisha. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Ukiambiwa basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, ni ile ile saa kumi na moja yako. Mzungu huchanganyikiwa, wewe hapana. Lakini tatizo huanzia hapo: kwa kuwa wewe ni mgeni, mwenye hoteli anaweza kukufanyia hisani ya kukubadilishia saa kuwa ya kizungu bila kukwambia, nawe ukaichukua kama ya Kiswahili. Mimi niliachwa na basi kwa hisani ya namna hiyo. Tarehe nayo ina mambo yake, kwa kuwa kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Unapoagiza chumba kwa simu taja siku ya wiki pamoja na tarehe, na mwambie akurudie.

Wakati wa kwenda? Mkulima wa Kilimanjaro aliniambia wanafikiria Novemba. Nilimpinga. Novemba wao wenyewe bado wana kahawa mtini. Januari mavuno yao yamekwisha, na milima ya Harar bado kuna kahawa inayoanikwa, kwani msimu wao huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu Februari. Mvua kubwa za kule ni Juni hadi Septemba, wakati ambao hakuna cha kuona kwenye majamvi ya kuanikia. Mwezi wa Ramadhani mji hulala mchana na kuamka usiku, hivyo asiyefunga atapata shida ya chakula. Na baada ya Idi, wanapomaliza ile sitta ya Shawwal ambayo watu wetu wa pwani wanaifahamu, huwa na sikukuu yao ya Shuwalid, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa mila. Ni siku nzuri mno, lakini vyumba hakuna. Familia zote zimejaza ndugu zao.

Kuna sababu nyingine ya kunifanya nisisitize nyumba za ndani, nayo ni ya kiuchumi zaidi kuliko starehe. Kutunza gegar ni ghali. Kuta za mawe na udongo zinataka kukarabatiwa na fundi anayezijua, wakati matofali ya saruji na mabati viko jirani kwa bei ya chini. Kijana wa familia akipiga hesabu, anaona bora abomoe ajenge upya, au auze. Mama anayepata wageni watatu kwa wiki ana hoja ya kumjibu mwanawe. Yule wa kwangu alinionyesha paa alilolitengeneza kwa fedha za chumba, akaniambia bila kujivuna kwamba ukuta wa upande wa pili ni wa mwaka ujao, Mungu akipenda.

Nililinganisha na kwetu. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni miji ya urithi vile vile, nayo inapokea wageni wengi kuliko Harar. Lakini nyumba nyingi nzuri zilizogeuzwa kuwa hoteli humo si mali ya wenyeji tena, na mjukuu wa aliyezijenga, akiwa na bahati, ndiye anayebeba mizigo mlangoni. Silaumu aliyeuza, kila mtu anajua shida zake. Ila najiuliza kwa nini mikopo ya vikundi vya kina mama, ambayo tunaiandika humu kila wiki, ni ya cherehani na kuku wa mayai, na hatujasikia iliyotolewa kwa mama mwenye nyumba ya kale ili atengeneze vyumba viwili na bafu moja.

Mkulima wangu amenipigia tena juzi. Wamekubaliana kwenda wiki ya pili ya Januari, usiku wanne ndani ya ukuta na mmoja Dire Dawa, chumba kimoja cha watu watatu, na wameanza kuweka fedha kidogo kidogo kwenye akaunti ya kikundi. Aliuliza wambebee nini mama wa nyumba. Nikamwambia wapeleke kilo mbili za kahawa ya mlimani kwao, isiyokaangwa. Ataikaanga mwenyewe mbele yao, na ni vema wamwite yule shemeji aonje.